Kiti Kisichokalika

Hajazaliwa mtu wa kumwigizia Fundi Sponji akadanganyika. Hayo aliyasema mwenyewe, tena aliyasema mara nyingi, mdomoni amebana misumari midogo ya kupigilia vitambaa, kwa hiyo maneno yakawa yanatoka pembeni kama mvuke wa birika. Mteja akija karakanani amejishika kiuno, analalamika kwamba sofa mpya imemvunja mgongo, Fundi alimtupia jicho moja tu. "Bwana mkubwa," alisema, "umeshika upande usiouma." Na mteja, kwa kihoro, akahamisha mkono.

Jicho hilo lilinolewa nyumbani. Karakana ilikuwa mbele, vyumba viwili nyuma, katikati pazia lililoshonwa kwa masalio ya vitambaa vya wateja. Kila jioni baada ya chakula familia ile ilicheza mchezo wake: kuigiza watu. Mama wa nyumba, ambaye alikuwa msusi, aliwaleta wateja wanaolia kabla kitana hakijawagusa. Fundi aliwaleta wale wanaojaribu sofa kwa kuirukia kama wanaingia mtoni. Lakini bingwa alikuwa binti yao wa miaka minne, ambaye wote walimwita Kasuku, maana alisema tangu anapofumbua macho hadi anapoyafumba, na usingizini aliongeza machache ya akiba. Kasuku alikuwa hana mpinzani kwa kumwigiza mwenye nyumba. Mwenye nyumba ana nyonga mbovu. Hutembea ameachanisha miguu, kama aliyebeba ndoo mbili zisizoonekana. Kasuku alimpatia mwendo, kikohozi, na ile sauti ya "nimepita tu kuwasalimu."

Mchezo ulikuwa na sheria. Mwigizaji haachi mpaka atajwe anayemwigiza. Akitajwa, anakaa chini. Asipotajwa, anaendelea, wala hatoi neno. Kunyamaza kwake maana yake ni: hamjapata, kisieni tena.

Sasa, mwezi ule ugonjwa wa tumbo ulipita mtaani nyumba hadi nyumba kama mchuuzi, na Kasuku naye alihudumiwa. Aliharisha, akatapika, akanyweshwa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, akapona. Akadai chakula, akadai kusukwa, akamsema baba yake kwa kunuka gundi. Nyumba ikashusha pumzi.

Siku chache baadaye, asubuhi, alitoka chumbani ameachanisha miguu, mkono mmoja ukutani.

"Mwenye nyumba huyo," alisema Fundi bila hata kuacha kukata kitambaa.

Kasuku hakukaa chini. Alipiga hatua nyingine, akayumba, akadaka pazia.

"Si mwenye nyumba," alisema mama yake. "Mwenye nyumba hatikisiki kichwa. Ni yule mlevi wa kona."

"Mlevi wa kona huimba. Huyu ni bata. Kasuku, ni bata?"

Kasuku aliwatazama mmoja mmoja. Alinyamaza.

Basi wakakisia tena. Walikisia mzee aliyepoteza miwani, walikisia harusi ya jirani pale bwana harusi alipokanyaga shela, walikisia mpaka mama akaondoka kwenda saluni anacheka peke yake njiani. Fundi alibaki na fahari yake. Alipokuja mteja, alimwita aje aone. "Mtazame mwanangu. Tangu asubuhi hajavunja mchezo. Watu wazima hawawezi hivyo." Mteja alipiga makofi. Kasuku akaanguka kwenye lundo la sponji, na makofi yakaongezeka.

Karibu na adhuhuri alikaa sakafuni kando ya meza ya kazi na kikombe chake cha maziwa. Alinyoosha mkono. Mkono ukapita pembeni ya kikombe, ukarudi, ukapita tena, ukakipiga, maziwa yakalowesha kitambaa cha mteja.

"Hapo umezidisha," alisema Fundi. "Mchezo hauharibu kazi."

Mtoto alifungua mdomo kama anayelia. Machozi yalitoka. Sauti haikutoka. Fundi akapiga magoti.

"Haya mama, nimeshindwa. Nimekubali. Niambie ni nani."

Midomo ya Kasuku ilicheza. Macho yake yalikuwa yanakimbia kidogo kidogo kwenda upande, yanarudi, yanakwenda tena, na jambo hilo halikuwa la mtu yeyote waliyemjua.

"Kasuku. Ni nani?"

Misumari ilimdondoka Fundi mdomoni, akambeba mtoto bila kufunga karakana.

*

Kituo cha afya cha mtaa kilikuwa na benchi moja refu, na benchi hilo lilikuwa limejaa. Mama alifika mbio kutoka saluni, kitana bado kimechomekwa nywelani. Muuguzi alimsimamisha Kasuku. Kasuku akapinda kama mshumaa juani. Muuguzi akainama, akamnusa mdomo.

"Mmempa nini?"

"Maziwa," alisema mama.

"Dada, hapa hatumhukumu mtu. Dawa ya kikohozi? Ya kumlaza ili mfanye kazi? Pombe?"

"Nimesema maziwa."

"Wote husema maziwa."

Benchi zima liligeuka. Mwanamke mmoja alivuta mtoto wake karibu, kana kwamba ulevi unaambukiza. Fundi, ambaye siku nyingine angekuwa na jibu la kumkalisha muuguzi na benchi lake, alikuwa anamshika Kasuku asianguke. Ni mama aliyesema. "Ninusishe na mimi. Mnusishe na baba yake. Ukimaliza kunusa, utuambie tumpeleke wapi, maana mtoto wangu anaondoka nikimtazama."

Muuguzi aliandika barua ya kuwapeleka hospitali kuu. Aliiandika haraka, kwa hilo lazima asifiwe.

Daktari wa watoto huko alikuwa mwanamke mfupi aliyetafuna kalamu mpaka ikafanana na mfupa wa kuku. Alimwambia Kasuku aguse pua yake. Kidole cha Kasuku kikagusa sikio. Akageukia wazazi.

"Nani alimwona wa kwanza?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Ukafanya nini?"

"Nikakisia."

"Ukakisia ana nini?"

"Nikakisia ni mwenye nyumba."

Kalamu ilisimama. Mama akaeleza mchezo, sheria zake, mlevi wa kona, bata. Alieleza yote bila kujificha. Daktari alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo alikuwa anawaonyesha kwamba anaumwa, nanyi mnamshangilia."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

"Nilimwita na mteja aje aone," alisema Fundi, kwa kuwa alishaona hakuna haja ya kubakiza.

Walimtoa mtoto maji ya uti wa mgongo, wakampiga picha ya kichwa katika mashine inayogonga kama karakana ya mabati. Kisha daktari akawakalisha.

"Kile kirusi kilichomharisha kimeshaondoka. Mwili ulituma askari wake kukifukuza, wakakifukuza. Tatizo ni kwamba wengine hawajui vita vimekwisha. Wameugeukia ubongo, huku nyuma, sehemu inayoshika mizani ya mwili na kuongoza mikono na ulimi. Imevimba."

"Nani kawaambia waingie huko?" aliuliza mama.

"Hakuna aliyewaambia. Hutokea kwa watoto wachache sana. Si maziwa, si mchezo, si nyinyi. Tutampa dawa ya kuwatuliza hao askari."

"Atasema tena?"

"Anaelewa kila kitu mnachosema, hilo mjue, kwa hiyo chungeni midomo yenu mbele yake. Kusema, wengi hurudi. Polepole. Wapo wanaobaki na kasoro. Wa kwenu sijui yuko upande gani, na sitawadanganya."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshika kiatu kimoja cha Kasuku, anakikunja na kukikunjua kama anapima ngozi.

*

Dawa iliingia kwa mpira wa mkononi. Macho ya Kasuku yaliacha kukimbia, na wodi nzima ilipongezana. Lakini shingo ilibaki imelegea, mgongo hausimami, na ulimi ulikaa kimya. Wazazi walipokezana: mama asubuhi, baba mchana, na saluni na karakana zikawa zinafunguliwa kwa nusu, kama macho ya mgonjwa.

Ndipo akaja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mrefu ambaye wodi ilimwita Sajini, na hakuna aliyethubutu kumwita hivyo akiwa karibu. Alisema mtoto lazima akalishwe, si kulazwa tu. Akiachwa mgongoni siku nzima, mwili utasahau kwamba uliwahi kusimama.

"Kukalisha watu?" alisema Fundi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya bata kifua kikapanda. "Hapo mmekuja kwangu."

Alirudi na kiti. Na tuseme haki, kilikuwa kiti. Sponji nene chini, sponji laini ubavuni, mahali pa kichwa pamechimbwa kama kiota, kitambaa cha mahameli ya buluu alichokuwa akimwekea mteja mwenye madaha. Wauguzi walikuja kukibonyeza. Kasuku aliwekwa, akazama, akatulia kama yai. Mama mmoja wa kitanda cha jirani aliuliza kama vya watu wazima vinapatikana.

Sajini alikuja, akabonyeza kwa ngumi. Ngumi ikazama hadi kifundo.

"Nani katengeneza?"

"Mimi," alisema Fundi kwa unyenyekevu wa uongo.

"Kazi nzuri sana. Kiondoe."

Wauguzi wakakumbuka kazi zao ghafla.

"Kina kosa gani?"

"Yeye hakikalii kiti hiki. Kiti ndicho kinachomkalia. Mgongo ukibebwa hausumbuki, usiposumbuka haujifunzi. Nataka kiti kinachomkera. Kigumu, kifupi mgongoni, ubavuni pawe na nafasi ya kuanguka kidogo mpaka ajiokoe mwenyewe."

"Unataka nitengeneze kiti kibaya."

"Unaweza?"

Kazi hiyo ilimtoa jasho kuliko sofa yoyote. Maisha yake yote Fundi Sponji alikuwa akilipwa ili watu wakikaa wasitake kunyanyuka. Sasa mkono wake, kwa mazoea, ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye sponji, naye anaurudisha kama anayemfukuza paka jikoni. Alipiga ubao mtupu. Akakata mgongo. Akatamani kuweka angalau kipande chembamba, akakiweka, akakitoa. Mwishowe alitengeneza cha ukubwa wake kwa vipande vile vile, akakikalia mwenyewe, mpaka ubavu ukamwaka. Akajua amefaulu.

Sajini alikibonyeza, kikamkatalia ngumi. "Hiki," alisema, na Fundi akaona aibu kwa jinsi alivyofurahi.

Kasuku hakufurahi. Alielemea kushoto, akajikokota kurudi, akaelemea kulia. Alimtazama baba yake kwa chuki safi ya mtoto wa miaka minne. Mate yalimtoka, kichwa kilianguka kifuani, kikanyanyuka, kikaanguka. "Tena," alisema Sajini. "Tena," alisema Fundi. Siku ya kwanza alikaa kwa muda wa kumenya chungwa. Baadaye chungwa na kulila.

Kutoka kitini wakahamia sakafuni. Fundi alimsimamisha kando ya kitanda, akamshika gauni mgongoni, wakaelekea dirishani. Alianguka. Tena. Alianguka. Walipofika dirishani hapakuwa na cha kutazama zaidi ya ukuta wa jiko la hospitali, lakini walisimama wakautazama kwa heshima zote.

Ulimi tu ndio haukwenda popote.

*

Mama mkwe alikuja kutoka kwake kwa basi la asubuhi, na mfuko wa kutilia nguo za mjukuu. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kila moja lilikuwa na uzito wa jiwe la kusagia. Alikitazama kile kiti, akapitisha kiganja juu ya ubao.

"Mkwe wangu," alisema, "wewe si ndiye unayetengeneza sofa?"

"Ndiye, mama."

"Na wa kwako ukamtengenezea hiki."

Fundi alieleza kwa ufupi. Mama mkwe hakubishana. Alimwambia binti yake, kando lakini si kando sana, kwamba mtoto hapa anateswa. Anaangushwa siku nzima kama gunia, anakonda, na hata neno moja hajasema. Kwake kuna chumba, kuna utulivu. Amchukue mtoto akapumzike. Kama Mungu amepanga aseme, atasema akiwa amelala vizuri.

"Sajini anasema siku hizi ndizo zenye faida," alisema Fundi. "Tukimlaza sasa—"

"Sajini ana mtoto?"

Hilo Fundi hakulijua.

Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amechuja kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Yeye ndiye aliyemjibu muuguzi, yeye ndiye aliyemweleza daktari, na sasa alikuwa amefika mwisho wa majibu. "Baba Kasuku," alisema, "mimi simkatalii Sajini. Lakini kila nikija namkuta yuko pale pale. Nikitoka hapa naota anaanguka. Nionyeshe kitu kimoja. Kimoja tu, kikubwa kidogo kuliko chungwa. Kama hakuna, Jumapili anakwenda na bibi yake."

"Nitakuonyesha."

"Usiniambie utani."

"Sikuambii utani."

Alifunga karakana kabisa. Mwenye sofa ya mahameli alikuja, akakuta mlango umefungwa, akasema maneno ambayo majirani walimfikishia Fundi yakiwa bado ya moto, naye akayameza. Alishinda wodini. Kiti, sakafu, dirisha. Alimwimbia, akamwekea mdoli dirishani, akamwekea biskuti, akamsihi kama anayemsihi mdai. Kasuku alijikongoja, shavu limevimba kwa hasira, baba nyuma yake ameinama ameshika gauni, na mara mbili tatu, kwa kufumba na kufumbua, Fundi alihisi gauni likilegea vidoleni, mtoto akibebwa na miguu yake mwenyewe. Kila alipotaka kuachia, kitambaa kilikaza tena. Hakuachia. Alijua angemwangusha, na kama angemwangusha usiku wa Jumamosi angeingia Jumapili na nundu ya kuonyesha.

Jumapili ikaja bila kusukumwa. Mama na bibi waliingia saa ya kutazama wagonjwa. Mama mkwe alikuwa ameshauweka mfuko begani, haukushuka. Kasuku alikuwa kwenye kiti chake, mikono imeshika ubao pande mbili, kichwa kimesimama, ingawa kilikuwa kinatikisika kama cha mzee anayekataa kitu.

"Haya," alisema mkewe. Neno moja, na uso wake ulikuwa tayari umeshakata tamaa; alikuja tu kutimiza ahadi.

Fundi alitaka kusema ukweli. Ukweli ulikuwa mzuri wa kutosha kwa mtu aliyekuwepo: gauni lililolegea vidoleni. Lakini aliuona ukiwa mdogo mno kuuweka mbele ya mfuko ule. Akajipiga kifua.

"Ametembea," alisema. "Peke yake. Kutoka kitandani mpaka dirishani."

Mkewe alimtazama.

"Peke yake vipi?"

"Peke yake kama wewe unavyokwenda saluni. Mimi nilikaa pale kwenye kitanda. Hata kidole sikumgusa. Amefika, amegusa kioo, amegeuka ananicheka."

"Nani mwingine aliona?" aliuliza mama mkwe.

"Mama, tulikuwa wawili tu. Sajini alikuwa ametoka kidogo."

"Basi atembee tuone."

"Sasa hivi amechoka. Ametembea mno. Miguu ya mtoto, mama, si ya punda." Alikwishaingia, na uongo ni kama sofa ya sponji laini, ukishaukalia kunyanyuka ni kazi. "Nawaambia, mngekuwepo mngelia. Alikuwa anakwenda hivi, mabega juu, bila kushikwa popote, wala—"

"U."

Wote watatu waligeuka.

Kasuku alikuwa amekunja uso. Midomo yake ilikuwa inatafuta, kama mtu anayepapasa ufunguo gizani. Mishipa ya shingo ilimsimama. Alikuwa anamtazama baba yake, na yale macho hayakuwa na huruma.

"U… li…" Alivuta pumzi. "Ni… shi… ka."

Mama wa kitanda cha jirani aliinuka atazame.

"Baba," alisema Kasuku, nzito, polepole, kila kipande kikishushwa peke yake kama kreti la soda. "U-li-ni-shi-ka."

Mama yake alipiga magoti mbele ya kile kiti. Sauti aliidhibiti, akauliza taratibu, kama hakimu anayeogopa shahidi asije akakimbia.

"Alikushika wapi, mama?"

Kasuku alifikiri. Ulimi ulitoka, ukarudi.

"Gau… ni."

"Alikushika gauni. Mbele au nyuma?"

"Nyu… ma."

"Na alikuwa amekaa kitandani, au hakukaa?"

"Ha… ku… kaa."

"Hakukaa," alirudia bibi, na mfuko ukateremka begani, ukafika sakafuni bila mtu kuuona ukianguka. "Mkwe wangu, unasikia unavyoshtakiwa?"

Fundi Sponji alikuwa ameegemea dirisha, mgongo wake umewaelekea, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akajaribu kuwageukia, akashindwa.

"Nasikia," alisema. "Muulizeni tena. Nina uongo mwingi."